Baba na mama wakilazwa mahututi, nani hutoka?

Mwezi uliopita niliandika hapa aya mbili tu kuhusu sepsisi, ule ugonjwa ambao mitaani tunauita "sumu kwenye damu", nikagusia kwamba wanaume na wanawake hawafi nao kwa kiwango kimoja. Tangu siku hiyo simu haijatulia. Nimechagua maswali sita. Yaliyohusu nguvu za kiume nimeyaacha, hayahusiani kabisa na nilichoandika.

"Sista, daktari alituambia shemeji ana nimonia. Alipofariki, cheti kikaandikwa sepsisi. Tulidanganywa?" (Mama wa watoto watatu, Uyole)

Poleni sana. Hamkudanganywa. Nimonia ilikuwa mlango, sepsisi ndiyo iliyoingia kupitia hapo. Mwili ukivamiwa na wadudu, kinga huamka kupigana nao, na mara nyingi vita huishia palepale vilipoanzia. Sepsisi ni pale vita vinaposambaa na mwili ukaanza kujiumiza wenyewe: presha inashuka, figo zinaacha kutengeneza mkojo, pumzi inakuwa ya shida, mgonjwa anaanza kuweweseka. Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana kuieleza hivyo, kwamba ni viungo kushindwa kazi kwa sababu mwili umeitikia maambukizi vibaya. Kwa hiyo jina la "sumu kwenye damu" linatupotosha kidogo. Wagonjwa wengi wa sepsisi, damu yao ikioteshwa maabara, haioti mdudu yeyote.

Chanzo chaweza kuwa mapafu, UTI iliyopanda kwenye figo, utumbo uliotoboka, hata kidonda cha jembe. Makadirio ya mwaka 2017 yalihesabu wagonjwa karibu milioni 49 na vifo milioni 11 duniani, yaani kifo kimoja katika kila vifo vitano vya aina zote.

"Nasikia wanawake wana kinga kali kuliko sisi. Kweli, au mnataka tu kututisha?" (Dereva bodaboda, Mwanjelwa)

Kuna ukweli, kaka. Mwanamke ana kromosomu X mbili, wewe unayo moja, na jeni nyingi zinazoendesha kinga zinakaa humo. Kila seli yake huinyamazisha X moja, lakini kunyamazishwa huko hakukamiliki, na isitoshe seli nyingine hutumia ile ya baba na nyingine ile ya mama. Nakala moja ikiwa na kasoro, kuna ya akiba. Wewe huna akiba. Ongeza homoni: estrojeni, ya kike, kwa ujumla huichangamsha kinga; testosteroni, ya kiume, huipoza.

Kinga kali ina gharama yake pia. Lupasi na magonjwa mengine ambayo mwili hujishambulia wenyewe huwapata wanawake zaidi kwa mbali. Upande wa pili, muulize muuguzi yeyote wa wodi ya watoto njiti kati ya pacha wa kike na wa kiume anamhofia nani usiku. Atakujibu "wa kiume" bila kufungua faili.

Ila usiitumie X kama kisingizio. Sigara na pombe hazikutoka kwenye kromosomu.

"Nimesoma tafiti mbili. Moja inasema wanawake hufa zaidi wakiwa mahututi na sepsisi, nyingine inasema wanaume. Kwenye mtihani niandike nini?" (Mwanafunzi wa uuguzi, Iringa)

Mwanangu, umegusa penyewe. Anza na picha ya dunia. Katika yale makadirio ya 2017, baada ya kusawazisha umri, wanawake walioipata sepsisi walikuwa kama 717 kwa kila watu 100,000, wanaume 643. Vifo vikageuka: wanaume 164, wanawake 134. Waliougua zaidi ni wanawake, waliokufa zaidi ni wanaume. Ungedhani hapo mambo yameisha.

Sasa ingia chumba cha mahututi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 18,000, ulikuta wanawake wakifa zaidi kidogo kuliko wanaume. Ule wa Ufaransa wa 2007 ulikuta kinyume: wanawake walipona zaidi, hasa waliopita miaka 50. Wote wawili walihesabu kwa uangalifu. Walichokihesabu ndicho hakikufanana, maana anayefika kwenye kitanda cha mahututi amekwisha chujwa mara nyingi njiani: na umri, na nauli, na nani ndani ya nyumba ndiye anayeamua kwamba sasa twende hospitali. Hata chanzo cha maambukizi hutofautiana. Wanaume wengi huletwa na mapafu, wanawake wengi na njia ya mkojo, na sepsisi ya mkojo kwa kawaida hutibika vizuri kuliko ya mapafu. Ukiwachanganya wote kwenye kapu moja unalinganisha magonjwa huku ukidhani unalinganisha jinsia.

Halafu kuna sisi wenyewe tunaotibu. Katika utafiti ule wa Marekani, wanawake waliwekewa mashine ya kupumulia na mipira ya kusafishia damu mara chache kuliko wanaume. Je, hawakuzihitaji au hawakupewa? Takwimu peke yake haitakuambia.

Nikupe mawili ya kazini ambayo mtihani huenda usiulize. La kwanza, kreatinini, ile taka ya kwenye damu tunayopimia kazi ya figo. Hutokana na misuli, na mwanamke kwa wastani ana misuli michache. Bibi mwembamba kutoka Kilolo anaweza kuwa na kreatinini inayosomeka "kawaida" wakati figo zake zimeanza kufa, na alama tunazompa za ukali wa ugonjwa zikatoka ndogo kuliko hali yake. La pili, mashine ya kupumulia. Ujazo wa pumzi hukadiriwa kwa uzito unaotokana na urefu na jinsia, kwa mililita 6 kwa kila kilo. Mwanamke wa sentimita 155 anapaswa kupata kama mililita 290. Mwanaume wa sentimita 170, kama 400. Akija mtu na mazoea ya kuweka 500 kwa kila mgonjwa, mwanaume huyo anazidishiwa kidogo, lakini mama yule anapulizwa zaidi ya mililita 10 kwa kilo, na mapafu yaliyokwisha kuvimba yanachanika. Nimemwona mtaalamu mzuri akikadiria urefu kwa macho tu mgonjwa akiwa amelala. Chukua utepe, pima.

Kwenye mtihani andika kwamba ushahidi haujakubaliana na kwamba tofauti inayoonekana ni ndogo. Kisha eleza kwa nini. Msahihishaji akikukata alama, nitumie namba yake.

"Kama homoni za kike zinalinda, si wanaume mahututi wachomwe sindano zake tu?" (Mwalimu mstaafu, Tukuyu)

Baba, shikamoo. Kwa panya ilijaribiwa, na panya jike walio katika siku zao za homoni nyingi walistahimili sepsisi vizuri kuliko madume. Kwa binadamu hakuna tiba ya sepsisi iliyotokana na hilo. Tazama tena ule utafiti wa Ufaransa: waliofaidika hasa ni wanawake waliopita miaka 50, ambao estrojeni imekwisha kushuka. Ingekuwa ni homoni peke yake, wangefaidika mabinti.

"Mume wangu ana homa siku ya nne, anahema juu juu, anasema ni malaria na vichomi vya baridi. Hospitali hataki." (Mkulima wa viazi, Makete)

Dada, swali lako nilikujibu kwa simu siku ileile, na ninashukuru mlikwenda. Ninaliweka hapa kwa ajili ya wengine.

Kwa baridi ya Makete na Njombe malaria ni adimu. Kama hajatoka Kyela au pwani hivi karibuni, homa yenye kuhema juu juu ihesabie mapafu kwanza. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia: mtu mzima akifika 22 au zaidi, hiyo ni dalili. Namba ya juu ya kipimo cha presha ikiwa 100 au chini yake, hiyo ni ya pili. Ya tatu ni kuchanganyikiwa, hata kukosea tu jina la mtoto wake. Mbili kati ya hizo zikiwepo, kuna hatari kubwa, lakini usisubiri zitimie. Mikono ya baridi, ngozi yenye madoadoa na mkojo kukauka navyo vinatosha kuanza safari. Mzee anaweza asiwe na homa kabisa, akawa wa baridi.

Mjomba wangu alijikata mguu na jembe wakati wa palizi. Akaweka majani, akanunua vidonge sita dukani, akamwambia mkewe asinisumbue kwa simu. Siku ya tano alifika hospitali juu ya mgongo wa pikipiki, akiwa katikati ya watu wawili, na kichwa kikimwangukia dereva. Alikaa mapokezi kwa muda wa saa tatu kwa sababu hakuna aliyeona kidonda: alikuwa amevaa buti. Katika sepsisi ya presha kushuka, utafiti mmoja wa 2006 ulikuta kila saa ya kuchelewa kuanza antibaotiki ilikwenda pamoja na uwezekano wa kupona kupungua kwa karibu asilimia 8. Mjomba alikuwa na kinga ya mwanaume, sawa. Lakini hizo siku tano hazikuwa za kromosomu.

Jingine ambalo kwetu huwezi kuliruka ni virusi vya ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Akina mama hupimwa kliniki ya ujauzito. Akina baba wengi hupimwa wakishalazwa.

"Mkwe wangu ana siku ya sita tangu ajifungue. Ana homa na tumbo linamuuma chini. Namkanda maji ya moto lakini haishuki. Niendelee?" (Bibi, Mbozi)

Mama, acha kumkanda, mpelekeni leo. Homa baada ya kujifungua, tumbo la chini kuuma, damu ya uzazi yenye harufu mbaya: hiyo ni sepsisi ya uzazi mpaka ithibitishwe vingine, na inaweza kujitokeza hadi wiki ya sita. Katika kila vifo kumi vya uzazi duniani, kimoja hivi hutokana nayo. Hapo yale niliyomwambia kaka wa bodaboda juu ya kinga ya wanawake hayamsaidii mkweo, maana kizazi baada ya kujifungua ni kidonda kipana kilicho wazi, na hakuna mwanaume mwenye kidonda cha namna hiyo. Mwaka 1847 kule Vienna daktari Semmelweis aliwalazimisha wenzake waliotoka kupasua maiti kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama wanaojifungua, na vifo vikaporomoka. Wakamchukia. Wewe nawa kabla ya kumhudumia, na mtoto mwende naye, naye apimwe.

Wakiwapokea, waambieni alijifungua lini, wapi, na kama kondo la nyuma lilitoka lote. Msiposema, wataanza kutafuta malaria. Na akiwekewa dripu, msimlaumu daktari akienda polepole: Lusaka, hapo ng'ambo ya Tunduma, utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini waliomiminiwa maji mengi haraka walikufa 48 katika kila 100, na waliopewa huduma ya kawaida 33. Wengi wao waliishi na virusi vya ukimwi, kwa hiyo si kila mgonjwa ni wa namna hiyo. Wewe kazi yako ni moja: kila anapokojoa, mwambie muuguzi ni kiasi gani.