Uliza Fundi: Bomba la Eksozi Linagonga Bampa, Nianzie Wapi?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya 1966, ilikuwa ya babu. Juzi tumeifunga mafla mpya (lile kopo la eksozi linalopunguza kelele), sasa yale mabomba mawili ya nyuma, la kulia linagusa bodi pale kwenye kitobo chake na nikipita kwenye matuta linagonga kabisa kelele mpaka watu wanageuka. Bampa nalo upande wa kulia limelala chini kuliko kushoto. Fundi wa hapa mtaani anasema tukate bomba kidogo alafu tulipinde bampa lifanane. Nimkubalie?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuitunza gari ya babu. Usimkubalie. Usikate bomba na usipinde bampa mpaka ujue nini kimehama, maana hapo una vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya. Eksozi ya Beetle haijafungwa kwenye bodi hata kidogo, imening'inia kwenye injini yenyewe, ambayo iko huko nyuma, na injini imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, na giaboksi ndo imekaa kwenye maunting tatu za raba, moja mbele mbili nyuma. Bampa lenyewe limeshika bodi. Kwaiyo bomba likigusa bodi swali la kwanza ni injini imekaa wapi, na raba zikishachoka au zikilowa oili miaka na miaka zinalainika, injini inashuka, inalalia upande, na bomba linashuka nayo. Ukikata leo, siku ukibadilisha maunting bomba litapanda juu na utakuwa umeharibu mafla mpya bure.

Angalia hivi. Gari liwe kwenye sakafu iliyonyooka, gia huru, weka ubao chini ya injini na jeki chini ya ubao, pandisha taratibu kidogo tu huku mwenzako anaangalia nyuma. Kama injini inanyanyuka kirahisi kabla bodi haijaanza kunyanyuka, na bomba linarudi katikati ya kitobo, basi jibu unalo, ni maunting. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi, hili silisemi kwa mazoea, watu wanakufa kwa hili.

Kama maunting ni nzima, sasa angalia mafla yenyewe. Je ni ya injini yako? Nauliza kwa sababu hizi gari zimebadilishwa injini sana, kadi inasema 1300 ukifungua unakuta 1200 au 1600. Mafla ya 1200 haikai kwenye 1300 mpaka 1600 kwa sababu injini ya 1200 ni nyembamba, fundi akilazimisha anavuta flenji (ule mdomo bapa wa bomba wenye matundu ya bolti) kwa nguvu ya nati na mafla yote inakaa upande. Kwaiyo nunua kwa injini iliyopo, soma namba ya injini, achana na kadi.

Na hata mafla ikiwa sahihi, inategemea ilifungwaje. Mafundi wengi wanakaza flenji moja mpaka mwisho alafu ndo wanahangaika na upande wa pili, hapo ndo mafla inapopinda. Inatakiwa kila kitu kiingie kwa mkono kwanza: gasketi mpya kwenye hedi (vichwa vya injini) zote mbili, klempu za hita boksi (yale maboksi yanayopasha hewa ya hita) na ringi zake, kile kibomba chembamba kinachopasha moto manifoldi (bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye injini), vyote vilegee, ukiitikisa mafla itikisike. Alafu unakaza flenji za hedi kidogo kidogo kulia kushoto kulia kushoto, ukimaliza hizo unaenda klempu za hita boksi, alafu kibomba chembamba. Usitumie nguvu za kunyanyua gunia, hedi ni za aluminiamu na zile stadi (bolti zisizo na kichwa) ni za milimita 8 tu, zikitoka na nyuzi zake gharama yake utaijua. Kama nati za zamani zina kutu zimwagie oili ya kulainisha jioni, uzifungue asubuhi. Endesha ipate moto, iache ipoe kabisa, alafu pitia tena nati zote.

Yale mabomba mawili ya nyuma ni ya mwisho, yana klempu zake na ringi zake, ukilegeza yanazunguka na yanaingia na kutoka. Yapange yatokeze sawasawa, yakae katikati ya vitobo, na kila upande kidole kipite kati ya bomba na bodi, maana injini inacheza ukiwasha, ukizima na ukikanyaga mafuta kwa ghafla.

Sasa bampa. Usilipime kutoka chini! Beetle nyuma inakaa kwenye tosheni baa (vyuma vinavyojipinda, ndo springi zake), upande mmoja ukilegea gari zima linainama, bampa likawa sawa na bodi lakini kwa macho linaonekana limelala. Pima kutoka kwenye bodi: ukingo wa chini wa boneti ya injini mpaka juu ya bampa, kulia na kushoto, alafu kutoka madigadi mpaka ncha za bampa. Vipimo vikilingana, bampa lako halina kosa, kaangalie springi za nyuma. Visipolingana, toa bampa uangalie zile breketi zake mbili zinazopita kwenye tundu za madigadi. Mara nyingi breketi ya upande mmoja ilishapigwa zamani, au ile sehemu ya bodi inayoshika bolti imeliwa na kutu na inabonyea. Kutu ikiwepo hapo kachomelee chuma kipya kwanza, na kabla ya kuchomelea toa waya wa betri, ambayo iko chini ya siti ya nyuma, siti zake zinashika moto haraka.

Jambo lingine, ulinunua bampa wapi? Kuanzia modeli ya 1968, yaani zilizotoka kiwandani Agosti 1967, Volkswagen walibadilisha bampa, likawa la pembe na linakaa juu zaidi, na madigadi yakabadilika nayo. Ile 1200 ya kawaida ndo iliendelea na bampa la zamani miaka kadhaa mbele. Kama umeuziwa la kisasa ukafungia breketi za 1966, haliwezi kukaa hata umpe fundi gani.

Kufunga: bolti zote zilegee, weka vipande viwili vya mbao vya unene mmoja kati ya bampa na bodi, simama mbali uangalie, kaza breketi kwenye bodi, alafu bampa kwenye breketi. Usilivute kwa bolti ili lifike, krome itapasuka.

Na kabla sijasahau, angalia ile raba inayozunguka injini kati ya mabati na bodi. Wengi wakitoa mafla wanaichana na kuitupa. Bila hiyo feni inavuta hewa ya moto kutoka chini kwenye eksozi na injini inachemka. Na gasketi zikivuja, hita inaweza kukuletea moshi ndani ya gari, moshi hauna harufu kali lakini unaua. Ukisikia kichwa kinauma ukiwa safarini na hita imefunguliwa, simama, fungua vioo.

SWALI: Fundi niaje. Niko na Peugeot 504 ya station wagon, eksozi ilikuwa inaning'inia kwa raba zimekatika, nikapeleka Kirinyaga Road, Nairobi, wakaichomelea moja kwa moja kwa bodi na chuma. Ilikaa poa wiki chache, saa hii imepasuka karibu na injini na ndani kuna mngurumo mbaya.
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Poa sana. Hapo mafundi wa jua kali walikuharakisha. Injini inacheza kwenye raba, bodi haichezi, ukifunga bomba kwa chuma pande zote mbili lazima papasuke mahali, na linapasukia kule juu kwenye joto. Mngurumo ni bodi inatetemeka pamoja na bomba. Ng'oa hizo chuma zote, rudisha hanga za raba, na wakati wa kufunga gari liwe limesimama kwa magurudumu yake. Hii wagon yako ekseli ya nyuma ni nzima, inapanda na kushuka tofauti na ile ya saloon, kwaiyo bomba linaweza kuwa mbali na ekseli gari likiwa tupu na likagongana ukibeba abiria. Jaza watu na mzigo, alafu chungulia. Hakikisha pia bomba linatokeza kupita bampa, na usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi, upepo unarudisha moshi ndani.

Hizo gari ni ngumu, 504 ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, zinastahili kazi nzuri.

SWALI: Assalamu alaykum. Mercedes W123, bampa la nyuma limeota kutu kwa hewa ya bahari. Nilipake rangi ya fedha au nipeleke krome?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waalaykum salaam. Rangi ya fedha hapana, itabanduka. Kama ni vidoa tu vya juu, chukua karatasi ya foili, ikunje, ichovye maji usugue taratibu, vingi vitatoka. Kama kutu imetoka ndani ikatoboa krome, bampa livuliwe lote, lipigwe upya: kopa (shaba), nikeli, alafu krome juu, na nikeli ndo inayolinda kwa hiyo mwambie asiibanie. Lakini kabla hujapeleka, lifunge kwenye gari likiwa hivyo hivyo bovu, unyooshe na upange mpaka lilingane na bodi pande zote. Nyundo baada ya krome ni hasara. Likirudi paka nta nzito upande wa ndani, pale chumvi inapojificha, na kila ukiosha gari mwagia maji baridi nyuma ya bampa kwa kutokea chini.