Barua za Wasomaji: Mgeni wa Reidi Apokelewe Vipi?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka pembe tatu za Mombasa, na zote zinauliza habari ya reidi, yaani yale mapambano ya michezo ya mtandaoni ambamo kikosi kizima cha wachezaji hulikabili jitu moja ambalo mtu peke yake hawezi kuliangusha. Nimeziweka pamoja kwa kuwa jibu la moja linaifaa nyingine.

*

Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni kijana wa miaka 21, mkazi wa Tudor, na ninacheza Final Fantasy XIV kama mtibu, yaani mwenye kazi ya kuwaponya wenzake. Baada ya kumaliza hadithi ya mchezo nilitamani sana reidi, nikasoma maelezo kwa siku mbili, kisha nikajiunga na kikosi cha watu wa Ulaya kupitia ubao wa matangazo ya vikosi. Katika jaribio la kwanza alama ilinitokea kichwani. Nilidhani natakiwa kuwakimbia wenzangu, nikakimbia, nikafa, na muda si muda kikosi chote kikaanguka. Hakuna aliyeniambia nimekosea wapi. Walipiga kura ya kuliacha pambano, na tulipotoka tu kiongozi akaniondoa. Je, jamii hizi hazitaki wageni? Niachane nazo?
Kijana wa Tudor

Waaleikum salaam, mwanangu. Usiachane nazo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja kwa sababu kosa ulilolifanya ni lile ambalo karibu kila mtibu amelifanya, na ninasikitika kwamba watu saba walikuona ukilifanya na hakuna hata mmoja aliyekueleza.

Nianze na kosa lenyewe. Katika mchezo huo kuna alama za aina mbili ambazo mgeni huzichanganya. Ya kwanza humtaka mwenye nayo ajitenge, kwa kuwa pigo litakalomshukia litawaumiza wote walio karibu naye. Ya pili, ambayo mishale yake huelekea ndani, kumwelekea mwenye alama, inataka kinyume chake kabisa: wenzake wamkusanyikie, kwa kuwa pigo hilo hugawanywa kwa wote waliosimama pamoja, na akilipokea peke yake humwua papo hapo. Alama hii ya pili mara nyingi huwekwa juu ya watibu. Wewe uliiona, ukaifanyia kazi ya ile ya kwanza, na kikosi kilipompoteza mtibu mmoja kati ya wawili hakikuweza kuendelea. Maelezo haya yangeandikwa kwa maneno matatu tu, "Kaa nasi hapo", na ungelijua jambo hilo maisha yako yote.

Sasa kuhusu swali lako. Kwa maoni yangu hukukataliwa na jamii, bali uliingia chumba ambacho hakikuwa chako. Ubao ule wa matangazo humruhusu kiongozi kutaja shabaha ya kikosi chake: mazoezi, kulimaliza pambano, au kutafuta nyara. Tangazo la kumaliza maana yake ni kwamba kila anayejiunga amekwisha kuziona alama zote kwa macho yake na anazijua. Kusoma kwa siku mbili ni jambo jema, lakini mguu haujifunzi kwa kusoma. Tafuta tangazo la mazoezi, na ukiingia andika mapema kwamba ni mara yako ya kwanza. Wengi wetu tunalificha hilo kwa kuona haya, ilhali sentensi hiyo moja ndiyo humfanya kiongozi ataje alama kabla hazijatokea.

Inafaa pia uelewe hofu ya wale waliokutangulia, si kwa ajili ya kuwatetea, bali ili usiichukue hasira yao kuwa ni yako. World of Warcraft, mchezo mwingine wa aina hii, ilipotoka mwaka 2004, reidi zake kubwa zilikuwa za watu 40, na katika umati huo mgeni mmoja au wawili wangeweza kukosea bila jambo kuharibika. Mwaka 2007 idadi ikashuka hadi watu 25 na hata 10. Leo ngazi yake ya juu kabisa ni ya watu 20 kamili, na reidi za kawaida za mchezo wako ni za watu wanane: walinzi wawili, ambao wachezaji huwaita tanki, watibu wawili na washambuliaji wanne. Kadiri kikosi kinavyopungua, ndivyo kosa la mmoja linavyokuwa kosa la wote. Zaidi ya hapo, katika ngazi ngumu mchezaji hupewa fungu lake la nyara mara moja tu kwa wiki, na aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni akiwa na saa mbili tu za kucheza huona kila jaribio lililoharibika kama deni. Ndiyo maana ninakushauri uende kwenye mazoezi mwishoni mwa juma la mchezo, wakati wengi wameshapata fungu lao na roho zao zimetulia.

Watengenezaji wa michezo wenyewe wamejaribu kuufungua mlango. Katika Final Fantasy XIV mchezaji mpya huonekana na alama ya chipukizi la kijani kando ya jina lake, na kikosi chenye mtu ambaye hajawahi kulimaliza pambano hilo hupewa zawadi ya ziada kikishinda, hivi kwamba mgeni ni faida kwa wenzake. World of Warcraft nayo iliweka mwaka 2011 njia ya kuwaunganisha watu kwa mashine katika reidi nyepesi. Ninakusihi uitumie njia ya aina hiyo ili uuone uwanja, lakini usiitegemee ikufunze, kwa sababu watu waliokutanishwa na mashine kwa nusu saa hupita kimya kama abiria wa feri ya Likoni, kila mmoja akitazama upande wake. Kufundishwa kunahitaji watu watakaokuona tena wiki ijayo. Kwa hiyo tafuta chama chenye siku maalumu za mafunzo, ukae humo.

Mambo mawili ya hapa kwetu uyazingatie. Nyaya za baharini zilizotua Mombasa mwaka 2009 zilitutoa katika mateso ya setilaiti, lakini umbali wa Ulaya haukufutika: ujumbe wa kidole chako huenda na kurudi kwa zaidi ya milisekunde 100, na kwa hiyo ni lazima uondoke kwenye duara la hatari, lile linaloonyesha ardhini pigo litatua wapi, mapema kidogo kuliko mwenzako wa Ujerumani. Usingoje lijae. La pili ni saa. Reidi ya saa mbili usiku ya Ujerumani ni saa nne usiku kwetu wakati wao wa baridi, na saa tatu wakati wao wa joto. Ukijua kwamba Ramadhani utakuwa msikitini kwa tarawehe, au kwamba umeme wa mtaa wenu hukatika mara kwa mara, mwambie kiongozi siku ya kwanza. Anayetoweka bila kuaga huchukuliwa kuwa amekitupa kikosi, na pale huwezi kujitetea maana haupo.

*

Kwako Mhariri. Ninaongoza chama kidogo cha World of Warcraft, sisi ni watu 12, wengi wa Bamburi na Nyali. Hivi karibuni tumewapokea vijana watano wa Likoni ambao hawajawahi kuingia reidi. Wazoefu wangu wananung'unika. Wiki jana, baada ya kuangamia mara tatu, mmoja wao alizibandika hadharani takwimu za mapigo ya kila mtu, na kijana aliyekuwa wa mwisho hajarudi tena. Niwatenganishe?
Dada Kiongozi, Bamburi

Dada yangu, mtafute huyo kijana kwanza, kabla hujamaliza kuisoma safu hii. Mpigie simu, usimwandikie.

Kisha fungua rekodi ya pambano lile uitazame vizuri. Takwimu za mapigo huonyesha nani alipiga sana, lakini hazionyeshi nani alikuwa ameacha kupiga ili abebe bomu mbali na wenzake, au nani alihama kila alipoambiwa ahame. Mara nyingi anayeongoza orodha ni yule aliyesimama palepale na kuwaachia wengine kazi ya kukimbia. Mimi naona takwimu zina faida kubwa zikizungumzwa na watu wawili baada ya mchezo, kwa upole, kwa swali kama "Hapa kwenye dakika ya tatu ulikuwa unangoja nini?" Zikibandikwa mbele ya watu waliotoka kushindwa, hugeuka kuwa bango la aibu. Kampuni ya Square Enix haikubali kabisa programu za nje, zikiwemo zinazokusanya takwimu hizo, katika mchezo wake wa Final Fantasy XIV, na ingawa sidhani kwamba ni lazima nawe ufike huko, una haki ya kuweka sharti kwamba chamani mwako hakuna anayezibandika ila wewe.

Kuhusu kuwatenganisha, sikushauri uwatenganishe moja kwa moja. Mna bahati kwamba reidi za ngazi mbili za kati za mchezo wenu hupokea watu kuanzia 10 hadi 30, na nguvu za jitu hupanda au kushuka kulingana na idadi. Hao watano hawamwondoi mzoefu yeyote nafasini mwake. Wekeni usiku mmoja wa kujifunza na usiku mmoja wa kushindana, na utangaze wazi ni upi. Usiku wa kujifunza, mpe kila mgeni mzoefu mmoja wa kazi ileile, mlinzi kwa mlinzi, mtibu kwa mtibu, amfuate nyuma kama mwanagenzi wa fundi jahazi anavyosimama ubavuni mwa fundi wake. Usiyaeleze mambo yote tisa ya jitu kabla ya kuanza, kwa maana hakuna atakayeyakumbuka. Sema mawili, ingieni, kufeni, kisha sema la tatu. Wenyeji wa pwani tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa jembe ni kazi ndogo ya kweli: mpe mgeni kitufe kimoja ambacho yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la kukibonyeza kwa wakati wake. Atakapokibonyeza sawasawa mtaje kwa jina, kila mtu asikie.

Nyara nazo zisemwe mapema. Vyama vya EverQuest, mchezo wa mwaka 1999, vilikuwa tayari vinaweka hesabu za pointi ili kugawana kilichopatikana, na sababu ilikuwa hii hii, kwamba mzoefu aliyesubiri miezi mitatu kuupata upanga huumia ukichukuliwa na aliyefika jana. Kama mgeni haruhusiwi kuomba vitu fulani wiki zake za mwanzo, ajue kabla ya jitu kuanguka. Akijulishwa baadaye ataona amedhulumiwa, na sitamlaumu.

*

Mhariri, shikamoo. Mimi ni msichana wa Mikindani. Kila kikosi kinataka tuzungumze kwa sauti, na mara ya kwanza nilipofungua kipaza sauti watu walicheka, wengine sauti yangu, wengine Kiingereza changu. Sasa nanyamaza. Je, mtu asiyesema anaweza kuwa mchezaji wa reidi?
Binti wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Anaweza. Vikosi vingi humtaka kila mtu asikie, lakini wanaohitajika kusema ni wachache, kwa kawaida kiongozi na wale wanaopokezana zamu. Mwandikie kiongozi kabla ya kujiunga kwamba utasikiliza na utajibu kwa maandishi, na uandae mapema maneno mafupi unayoyahitaji mara kwa mara, kama vile "nimekufa", "nina ufufuo", "niko kulia", yaliyofungwa kwenye kitufe kimoja kimoja ili yatoke kwa mguso. Kiongozi anayekubali bila kukuhoji sababu amekwisha kukuonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Anayesema kwamba huo ni utoto, mwache aende zake.

Waliokucheka, wazibe na uwashitaki kwa njia ambayo mchezo wenyewe umeiweka, hata kama unadhani hakuna atakayesoma. Kisha mwandikie Dada Kiongozi wa Bamburi kupitia ofisi yetu. Chama chake huzungumza Kiswahili, na usiku wao wa mafunzo, akinikubalia shauri langu, utahitaji watibu.