Muulize Mkunga: Upasuaji wa mkojo unadumu?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 47, nimezaa watoto 5, nachekecha mahindi sokoni Kibaigwa. Nikikohoa au nikiinua debe, mkojo unanitoka. Navaa khanga mbili, ya ndani naibadilisha kabla ya adhuhuri. Daktari huko Dodoma mjini amenishauri upasuaji wa kuwekewa ukanda. Jirani ananiambia baada ya miaka michache tatizo linarudi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako hajakudanganya, ila hakumaliza maneno.

Kwanza muulize daktari: ukanda gani? Upo unaokatwa kwenye utando mgumu wa misuli ya tumbo lako mwenyewe, ukapitishwa chini ya mrija wa mkojo, ili ukikohoa mrija ubanwe. Utafiti wa Marekani ulioanza na wanawake 655 uliulinganisha na upasuaji wa Burch, wa kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi. Baada ya miaka 5, waliobaki wakavu walikuwa kama asilimia 31 kwa ukanda na 24 kwa Burch. Usikate tamaa hapo! Kipimo kilikuwa kikali mno, hata wa kuvuja kidogo alihesabiwa hajapona. Wanawake wenyewe walipoulizwa, walioridhika walikuwa asilimia 83 na 73. Mimi nawasikiliza wao zaidi.

Upo pia ukanda wa wavu wa plastiki. Huko Ulaya ya kaskazini, waliopimwa baada ya miaka 17 zaidi ya asilimia 90 hawakuvuja walipokohoa. Lakini kuna waliopata maumivu, au wavu ukatokeza ukeni. Uingereza ilisimamisha matumizi yake mwaka 2018.

Ukanda unatibu mkojo wa kukohoa na kuinua mzigo. Ule wa kubanwa ghafla ukashindwa kufika chooni unaweza kubaki. Na kama unatiririka mchana na usiku tangu ulipojifungua, mweleze daktari mapema, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na matibabu yake ni mengine.

Je, umejaribu mazoezi? Kaza misuli kama unayezuia mkojo, mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Wengine hawahitaji kisu baada ya hapo. Na tafadhali usijinyime maji kwa jua hili letu; nawaona wengi wakifanya hivyo, inaniuma.

Ukiamua kufanyiwa, tafuta kabisa wa kukuinulia debe kwa wiki 6 hivi.