Pasta, nimeokoka lakini usiku silali kwa wasiwasi, je ni dhambi?

SWALI: Bwana asifiwe Pasta. Mi ni mama wa watoto wanne, niko Busia huku upande wa Uganda, nauza mitumba. Mume wangu anaendesha lori la kwenda Juba, akikaa siku mbili bila kupiga simu mi silali, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, nawaza deni la SACCO na fizi za shule za watoto mpaka kunakucha. Nimeombewa, nimefunga kavu, kila Ijumaa niko kesha, lakini bado. Wamama wa kikundi chetu cha maombi wanasema hofu ni pepo na mtu aliyeokoka hawezi kuwa na wasiwasi, wananisomea Wafilipi 4:6. Je hii ni dhambi? Na niombe aje?

JIBU: Amina dada yangu. Nianze na hapo kwa dhambi maana naona ndo imekukaba ata kuliko deni lenyewe. Hapana, siyo dhambi. Mume yuko njia ya Juba, simu haishiki, saa nane usiku moyo unapiga mbio, huo ni mwili umeogopa tu, Mungu hakuandikii kosa sababu ya mapigo ya moyo.

Hao wamama mstari wao ni mzuri, ila wameusoma nusu halafu wamemsahau aliyeuandika. Paulo aliandika hiyo barua akiwa kifungoni, soma sura ya 1 utaona vile hajui kama ataishi ama atakufa. Na huyo huyo kwa 2 Wakorintho 1:8 anasema kule Asia walilemewa "hata tukakata tamaa ya kuishi", ukienda 7:5 anasimulia vile walifika Makedonia, nje vita, ndani hofu. Ndani hofu, mtume mzima! Kama wasiwasi ndo alama ya mtu ambaye hajaokoka basi na Paulo tumtoe kanisani. Bwana Yesu mwenyewe pale Gethsemane alifadhaika na kuhangaika, iko Marko 14, na hakujikaza mbele ya wanafunzi, aliwaambia wazi roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akachukua watatu wakae naye karibu, akaomba jambo lile lile akarudia akarudia. Kwa hiyo mtu akikuambia ukiombea kitu mara ya pili umeonyesha hauna imani, we muulize Yesu alikuwa anafanya nini pale bustanini.

Kuhusu pepo, mi siwezi kukuambia hakuna mapepo, Biblia inayataja. Lakini Mathayo 4:24 wenye pepo wametajwa kivyao na wagonjwa kivyao, hawakurundikwa pamoja, na Yesu aliwaponya wote bila kumuaibisha mtu. Kumwambia kila mama asiyelala kwamba ana pepo ni kumuongezea hofu nyingine juu ya ile alikuja nayo, sasa analala anaogopa deni na anaogopa pia kitu kilicho ndani yake, na hapo kusema ukweli mi hukasirika kidogo.

Sasa niombe aje. Soma mstari wote usiishie kwa "msijisumbue", unaendelea: "bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Ona hapo, haja zijulikane. Wengi wetu usiku tunaomba "Bwana niondolee hofu, Bwana niondolee hofu" saa nzima, na hofu ndo inazidi kukua maana ndo tunaiangalia. We ni mtu wa mpaka unajua, pale forodhani hauambii afisa "nimebeba vitu", unataja mabelo mangapi, ya nini, yanaenda wapi. Basi mbele za Mungu taja hivo hivo, kwa mfano: Bwana, SACCO wanataka hela Jumanne na mi niko na nusu. Bwana, mtoto wa pili asipolipiwa atarudishwa nyumbani. Bwana, baba watoto hajapiga tangu juzi na mi naogopa. Ukishataja, shukuru kwa kitu kimoja ambacho kiko kweli, ata kama ni kwamba leo uliuza suruali mbili, usitengeneze shukrani ya uongo, halafu nyamaza. Hauhitaji kupiga kelele, yule Hana mama wa Samweli aliomba midomo inacheza tu na sauti haisikiki mpaka kuhani Eli akafikiri amelewa, na Mungu alimsikia. Moyo ukianza mbio katikati ya usiku chukua Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", useme polepole huku unavuta pumzi taratibu. Daudi hapo hasemi siku hofu itaisha, anasema siku yenyewe ya hofu.

Na ujue kile kimeahidiwa kwa mstari wa 7, ni amani ya Mungu ihifadhi moyo wako na nia yako. Hakuna mahali pameandikwa deni litafutika. Nakuambia hivi sababu kuna watu watakuja wakuambie utoe sadaka ya "mbegu" ya laki mbili ndo wasiwasi utoke, tafadhali dada yangu hiyo laki mbili peleka SACCO. Na uende mwenyewe ofisini kabla siku ya kulipa haijafika, omba kwanza, kisha uwaambie niko na nusu, tupange upya, mara nyingi wanamsikiliza anayekuja kuliko anayejificha.

Baba watoto naye muongee, akifika Elegu pale mpakani apige simu kabla hajavuka, na muelewane kabisa kwamba akishaingia upande wa pili kimya cha siku mbili siyo msiba, ni network.

Hapa kwa kesha najua wengine hawatanipenda ila nasema. Acha kesha kwa sasa. Acha na kufunga kavu. Mtu ambaye tayari halali unamwambia akeshe tena Ijumaa, kwa nini? Eliya alipochoka, 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mretemu akamuomba Mungu amuue, na Mungu hakumpa kwanza mahubiri wala kumkemea, alimuacha alale, malaika akamuamsha akampa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala tena, maneno yalikuja baadaye sana kule Horebu. Zaburi 127:2 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Kwa hiyo kula jioni, punguza chai ya usiku, simu iache mbali na kitanda lakini iwe na sauti baba akipiga usikie. Kikundi usikihame, ila tafuta mama mmoja tu mwenye masikio, muombe pamoja mchana.

Halafu nenda kituo cha afya. Luka alikuwa tabibu na alikuwa na Paulo, hakuna dhambi hapo. Waambie wapime presha, damu, na ile tezi ya shingo, maana hivo vitu pia vinafanya moyo ukimbie na mikono itetemeke na hakuna maombi yanakataza kupimwa. Ikizidi wiki kadhaa hospitali kubwa ya rufaa kama Mbale wana kitengo cha afya ya akili, wale wa kucheka kwamba unaenda Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, waache wacheke. Na ikitokea mawazo ya kutaka kufa kama ya Eliya, usingoje ibada ya Jumapili, mwambie mtu siku hiyo hiyo akupeleke hospitali.

Ukienda beba kile kitabu chako cha matibabu, na wakikupa dawa usiache kumeza ati kwa sababu kuna mtu amekuwekea mikono.