Kutoka majibu mafupi hadi makala yako mwenyewe

Ndugu, unasema kujibu hoja za wengine umezoea miaka mingi, ila ukianza makala yako unakwama aya ya pili. Ni kwa sababu jibu huegemea swali la mtu. Makala haina pa kuegemea. Basi jiwekee swali. Chukua jibu lako la zamani lililozua mjadala, andika juu ya ukurasa swali lililolizaa, kisha panua jibu hilo hadi maneno 400 hivi. Jibu kama "Hapo umekosea" halieleweki peke yake kwa asiyeuona mjadala: taja nani alidai nini, na kasoro iko wapi. Usianze kwa kujitambulisha, tafadhali. Kamilisha makala 3 kabla ya kuchapisha ya kwanza, ili wiki ya shughuli isikukute mikono mitupu. Soma kwa sauti; pumzi ikikuishia, kata sentensi.