Nameza kidonge cha tezi kila siku, mbona uchovu hauishi?

Maswali ya wasomaji: afya

Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole, Mbeya, umri miaka 43. Nilitolewa goita mwaka 2019, tangu hapo natumia kidonge cha tezi ya shingoni, levothairoksini, mikrogramu 100. Nina kilo 118, urefu sentimita 160, na nimo kwenye maandalizi ya upasuaji wa kupunguza uzito Dar es Salaam. Daktari ameuahirisha kwa sababu TSH yangu imesoma 11.8. Kidonge sijawahi kukosa. Nakimeza asubuhi na uji wa lishe, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Ikifika saa nne naandika ubaoni huku nimeegemea ukuta. Nyumbani wanasema ni uvivu wa unene. Nifanyeje?

Marahaba, Mwalimu. Kwanza waonyeshe hao wa nyumbani karatasi ya maabara. TSH ni homoni inayotoka kwenye ubongo kuidai tezi ifanye kazi, na kadiri mwili unavyopungukiwa ndivyo deni linavyopanda. Maabara nyingi huweka kikomo cha juu karibu na 4. Wewe una 11.8. Mwili wenye deni hilo huchoka, husikia baridi kuliko wenzake, tumbo hufunga na ngozi hukauka. Uvivu hauna kipimo cha maabara, uchovu wako unacho.

Sasa tuangalie kikombe chako cha asubuhi, maana tatizo tunaliona humo. Uji wa lishe wa huku kwetu mara nyingi una soya, na wengi huongezea maziwa. Soya hupunguza kiasi cha levothairoksini kinachopita kwenye utumbo kuingia kwenye damu. Kalisiamu ya maziwa nayo hivyo hivyo. Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu ndiyo mabaya zaidi: hushikamana na dawa ndani ya tumbo, vikatoka pamoja chooni. Kwa hiyo unameza mikrogramu 100, lakini inayofika ni pungufu, na hakuna anayejua ni pungufu kwa kiasi gani.

Jaribu mpangilio huu. Saa kumi na moja alfajiri, ukiamka tu, meza kidonge cha tezi kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai, kahawa na uji visubiri hadi saa kumi na mbili. Nusu saa inakubalika, saa nzima ni bora. Vidonge vya damu visogeze hadi saa nane mchana, na ukivila na chungwa vinafanya kazi vizuri zaidi. Chai ikae mbali navyo kwa saa moja au mbili, kwa kuwa nayo huzuia chuma. Ukiandikiwa kalisiamu, iweke usiku. Kanuni ya kukumbuka ni saa nne kati ya kidonge cha tezi na chuma, kalisiamu, au vile vidonge vya maginesiamu ambavyo watu hutafuna kwa kiungulia. Kama unatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, mwambie daktari, kwa sababu tumbo lenye asidi kidogo huiyeyusha dawa hii kwa shida, na hapo kutenganisha saa hakutoshi.

Kama alfajiri yako ina pilika nyingi, meza usiku wakati wa kulala, zikiwa zimepita saa tatu tangu chakula cha mwisho, na hapo kalisiamu ihamie mchana. Chagua wakati mmoja ukae nao.

Tunakusihi jambo moja hapa. Usikubali kubadilisha umezaji na kuongezewa dozi katika wiki ile ile bila daktari kujua yote mawili. Huenda dozi ya 100 ikakutosha ikifika yote; ukiongezwa juu yake utavuka upande wa pili, moyo uende mbio na mikono itetemeke. Nenda na maelezo kamili ya uji na vidonge vya damu, aamue yeye. Kama uji haukuwa sababu, kwa kawaida huongezwa mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa hatua.

Usipime tena wiki ijayo. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huchukua takriban siku 7 kuisha, kwa hiyo kiwango kipya hutulia baada ya wiki 6 hadi 8. Pima hapo, asubuhi, kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, na ikiwezekana kwenye maabara ile ile. Kama unameza vitamini za nywele zenye biotini, ziache siku 2 au 3 kabla, kwa sababu huweza kuifanya TSH isome chini kuliko ilivyo. Tunalisema hili kwa kuwa nywele hukatika tezi ikipungua, na akina mama wengi hukimbilia vitamini hizo bila kumwambia mtu wa maabara.

Daktari aliyeahirisha amekutendea haki. Mtu ambaye tezi yake imepungua sana huchelewa kuzinduka kutoka nusu kaputi, joto la mwili hushuka, pumzi huwa hafifu na utumbo huchelewa kuanza kazi. Upasuaji wa uzito unapangwa, haukimbizwi.

Usitegemee pia kwamba TSH ikishuka kilo zitashuka nayo. Upungufu wa homoni ya tezi kwa kawaida huongeza kilo chache tu, nyingi zikiwa maji na chumvi. Utapata nguvu, uvimbe wa uso utapungua, lakini kilo nyingi zilizobaki zina sababu nyingine na bado utauhitaji upasuaji.

Kuhusu hizi wiki za kusubiri: kazi nzito ipange kwenye saa unazojijua una nguvu. Kama nguvu yako inaisha saa nne, sahihisha madaftari umekaa baada ya hapo, na vipindi vya kusimama viombe viwe vya kwanza. Tembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwenye njia tambarare (Mbeya ina vilima vingi, hivyo viache kwanza), kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kushika, kaa tena, mara 10. Miguu hiyo ndiyo itakayokutoa kitandani siku ya upasuaji. Ukilala mchana, dakika 20 hadi 30, na iwe kabla ya saa tisa, la sivyo usiku utakesha.

La mwisho kwako: pima wingi wa damu pamoja na akiba ya chuma, yaani feritini. Tezi ikipungua hedhi huwa nzito, damu hupotea, na uchovu unakuwa wa pande mbili. Kwa mwanamke asiye mjamzito, damu chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kama unatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, pima na vitamini B12.

Mimi ni mfanyabiashara wa mbao Mafinga, miaka 51, kilo 134. Natumia dawa ya tezi na TSH ni 2.1, wanasema iko sawa. Lakini nasinzia hata nikiongea na mteja. Mke wangu anasema nakoroma, halafu nanyamaza kama nimekata roho, kisha nashtuka. Nina miadi ya upasuaji. Niombe kuongezewa dawa ya tezi?

Hapana, kaka. TSH ya 2.1 imeiondolea tezi lawama. Alichokiona mkeo kina maana kubwa: njia ya hewa inaziba ukiwa usingizini, oksijeni inashuka, ubongo unakuamsha uvute pumzi. Hilo likijirudia usiku kucha unaamka kama hukulala. Angalia kama shingo yako inazidi sentimita 40, kama unaamka na kichwa kinauma, na kama una presha.

Usilifiche kwa daktari wa usingizi wa nusu kaputi. Dawa za kulaza na zile kali za maumivu hulegeza koo zaidi, na mtu anaweza kuziba pumzi saa kadhaa baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Wakijua mapema watapanga mashine ya kusukuma hewa puani na kukuangalia kwa karibu zaidi. Kwa sasa lala ubavu, inua upande wa kichwani, na ulanzi (pombe ya mianzi) wa jioni uache kabisa. Usikae kwenye msumeno wala kwenye usukani ukiwa unasinzia.

Nipo Njombe. Nimeambiwa nifanye mlo maalumu wiki 2 kabla ya upasuaji. Nyumbani chakula ni viazi na parachichi, vyote vya shambani, havina kemikali. Naweza kuendelea navyo?

Kwa wiki hizo mbili, hapana, dada. Ini limekaa juu ya tumbo la chakula, na likijaa mafuta na sukari iliyohifadhiwa huwa kubwa na laini, daktari akilinyanyua linachanika na kuvuja damu. Mlo wa kalori 800 hadi 1,200 kwa siku hulipunguza haraka. Parachichi moja kubwa peke yake lina kalori zaidi ya 300, hata likiwa safi namna gani.

Unachotafuta ni protini gramu 60 hadi 80. Mayai 2 yana 12. Dagaa wakavu gramu 30, kama kiganja kimoja, wana takriban 15. Maharage yaliyopikwa kikombe kimoja, 15. Mtindi usio na sukari vikombe 2, 16. Kuku bila ngozi gramu 60, karibu 18. Jumla 76, na kalori ziko karibu 900. Jazia mboga za majani zisizo na mafuta mengi. Kabichi iliyopikwa haina shida kwa mwenye tezi. Fuata karatasi uliyopewa hospitalini kama inatofautiana na hii. Na kama unatumia dawa za kisukari za insulini au glibenklamidi, usianze kabla daktari hajapunguza dozi, kwa sababu sukari itashuka ghafla.

Natoka Tukuyu. Nikimeza vidonge vya tezi viwili viwili nitapungua haraka kabla ya siku yangu ya upasuaji? Na siku yenyewe nimeze au nisimeze?

Usizidishe. Utakachopunguza ni misuli na mifupa, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, jambo ambalo litaahirisha upasuaji wako.

Siku ya upasuaji kwa kawaida kidonge cha tezi humezwa alfajiri kwa funda moja la maji, hata kama umekatazwa kula. Thibitisha na timu yako siku moja kabla. Safarini kiweke kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti yake, kwa kuwa buti la basi hupata joto na dawa hii haitaki joto wala mwanga. Wakati wa kurudi usipande basi la safari ndefu wiki ile ile ya upasuaji. Damu huweza kuganda miguuni. Fikia kwa ndugu hadi miadi ya kwanza, na daktari akikuruhusu, shuka utembee kila basi linaposimama. Pima TSH wiki 6 hadi 8 baadaye, kisha tena uzito unapoendelea kushuka, maana mara nyingi dozi nayo hulazimika kushushwa.