Kupanga nyumba Dar bila dalali: ukague nini, umuulize nani

Chukua chumba na sebule yenye jiko na choo ndani, kodi 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita. Hapo ni 1,500,000. Dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja, 250,000 nyingine, na kabla ya hapo ulishampa hela ya kutembezwa, hata kwa zile nyumba ulizokwishamwambia kwenye simu kwamba huzitaki. Hiyo 250,000 ingetosha kulipia gari la kuhamisha vitu na mtungi wa gesi, na ikabaki ya kula. Kwa mtu anayeanza maisha Dar es Salaam si hela ndogo hata kidogo.

Nimepanga mara kadhaa katika jiji hili, kwa dalali na bila dalali. Siku hizi wadogo zangu na wenzangu kazini wakiniuliza, nawaambia watafute wenyewe. Ila nawaambia na la pili: dalali mwaminifu ana kazi anayoifanya. Anajua nyumba ni ya nani, anajua kama familia ile ina ugomvi, anajua mtaa ule maji yanatoka siku zipi. Ukimwondoa, kazi hiyo yote inakuwa yako. Watu wengi wanakumbuka kuokoa ile kodi ya mwezi tu, kazi wanaisahau, na hapo ndipo wanapolizwa.

Anza na mtaa, usianze na nyumba. Ukishajua unataka Tabata, Sinza, Kimara au Mbagala, shuka kwenye gari utembee kwa miguu, hasa wiki ya mwisho wa mwezi maana wapangaji wengi wanaohama wanahama wakati huo. Muulize Mangi wa dukani, mama ntilie, fundi cherehani mwenye kibanda barazani. Hawa wanakaa sehemu moja kutwa nzima na wanaona nani anatoa makochi na nani anaingiza. Bodaboda nao wanajua sana, lakini wengi wao ni madalali pia, kwa hiyo waambie mapema kwamba unamtafuta mwenye nyumba mwenyewe. Angalia madirisha yasiyo na pazia, rangi mbichi, fundi anayebandika vigae. Nyumba nyingine zimeandikwa getini kabisa kwamba zinapangishwa na dalali hatakiwi. Wenye nyumba wengi nao wamechoka: anataka 250,000, dalali anaweka cha juu, wateja wanakimbia, nyumba inakaa tupu miezi miwili. Ukimgongea mwenyewe, umemfaa naye.

Kuna jambo nalisisitiza hata kama halitampendeza kila mtu. Dalali akikuonesha nyumba, halafu ukaipenda, mlipe. Usizunguke nyuma yake kwenda kwa mwenye nyumba. Amepoteza siku yake na nauli yake kwa ajili yako, na mtaani unakohamia mtakutana kila siku. Kama hutaki dalali, usimpigie tangu mwanzo.

Sasa umempata anayesema nyumba ni yake. Hapa ndipo pa kutuliza akili, kwa sababu asiyekuwa na haki ya kupangisha ndiye anayekuwa na haraka kuliko wote. Matapeli wa mtandaoni wanajulikana: picha nzuri, bei ya chini, "tuma kidogo nikushikie, kuna mwingine anakuja saa nane." Usitume hata shilingi kwa nyumba ambayo hujaingia ndani. Anayeniogopesha zaidi ni yule mwenye funguo halali mkononi. Anaweza kuwa mpangaji ambaye kodi yake inakaribia kwisha, anakusanya hela za watu watatu kisha anatoweka. Anaweza kuwa ndugu wa mwenye nyumba ambaye hakutumwa na mtu. Anaweza kuwa mtoto wa marehemu.

Huyo wa mwisho nimekutana naye Tabata. Kijana mpole, nyumba nzuri, bei nzuri. Nilipomuuliza jina la mwenye nyumba akanitajia baba yake, na kumbe baba alishafariki. Nikamuuliza kwa upole msimamizi wa mirathi ni nani. Akasema bado hawajakaa. Nilimpa pole ya msiba, nikaaga, nikaondoka. Si kwamba nilimwona mwongo. Pengine alikuwa mkweli kabisa. Lakini mwenye mamlaka ya kupangisha mali ya marehemu ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na kama hajateuliwa, siku yoyote anaweza kutokea dada au mama mdogo akakwambia hela uliyompa kaka yake haimhusu. Ukipita mitaa ya Dar utaona kuta ngapi zimeandikwa kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI". Maandishi yale yanasemea mauzo, lakini kwa mpangaji yana habari yake pia: humo ndani wenyewe hawajaelewana. Ukikuta msimamizi yupo, muombe uone barua ya uteuzi kutoka mahakamani, na jina lake ndilo liandikwe kwenye mkataba.

Kwa mwenye nyumba aliye hai, omba kuona kitambulisho chake cha NIDA na karatasi yoyote inayomfunga na nyumba ile. Usitegemee hati miliki kila mahali. Maeneo mengi yasiyopimwa watu wana leseni ya makazi, au hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na hizo zinatosha kukuonesha jina. Bili ya maji ya DAWASA na jina linalotokea unaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, vinasaidia, ingawa peke yake havithibitishi umiliki. Baada ya hapo nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe. Sema tu, "Shikamoo mzee, nataka kuhamia nyumba ya mama fulani pale karibu na msikiti, naomba kumfahamu." Watakwambia mengi. Hii hatua haina gharama yoyote ya maana, na sielewi kwa nini watu wanairuka wakati wanakwenda kutoa milioni na nusu.

Kama nyumba ni ya familia na wanandoa wote wapo, ongea na wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Baba akikupangisha mama akiwa safarini, subiri mama arudi, au angalau mpigie simu umsalimie na umsikie kwa masikio yako.

Ukiingia ndani usidanganywe na jipsamu na vigae. Fungua bomba. Vuta maji chooni. Uliza maji ni ya DAWASA au ya kisima, na kama ya kisima, yaonje, maana sehemu nyingi za Dar maji ya kisima yana chumvi na utakuwa unanunua ya kunywa na ya kupikia. Uliza kama kuna simtanki na kama ni lako au la wote. Kisha tafuta wapangaji wengine bila mwenye nyumba kuwapo, uwasalimie, uwaulize geti linafungwa saa ngapi, wageni wanaruhusiwa kulala, aliyetoka alitoka kwa nini. Mwenye nyumba atakuonesha nyumba, lakini tabia ya mwenye nyumba utaisikia kwa wapangaji wake.

Nenda pia jioni, na kama unaweza nenda mvua ikinyesha. Jiji hili lina mabonde, na bonde la Msimbazi pamoja na vijito vyake linafika ndani kabisa ya mitaa ya watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwang'oa watu wengi mabondeni hadi serikali ikawapeleka Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kuanzia Machi hadi Mei, masika, nyumba yenye shida ya maji haiwezi kuificha. Miezi mingine inabidi uangalie mwenyewe: alama ya unyevu sehemu ya chini ya ukuta, rangi mpya iliyopakwa futi mbili tu kutoka sakafuni, kizingiti kirefu kilichojengwa mlangoni. Jirani anayeuza genge hapo nje atakwambia maji yanafika wapi.

Umeme unastahili maneno mengi zaidi, kwa sababu ndio unaogombanisha wapangaji kuliko kitu kingine chochote. Swali la kwanza: mita ni yako peke yako au ya kuchangia? Mita ya nyumbani yenye matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, inauziwa yuniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mita ya kawaida ni shilingi 292. Mkichangia mita wapangaji wanne, hata kama wewe una balbu na simu tu, mtavuka yuniti 75 na wote mtalipa bei ya juu. Kama hakuna mita yako, omba angalau submita, yaani mita ndogo ya kupimia umeme wako tu, na kubalianeni bei ya yuniti kwa maandishi.

Halafu kuna kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa unaponunua LUKU: kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Usiponunua umeme miezi kadhaa, deni linajilimbikiza. Nyumba iliyokaa tupu muda mrefu itakula hela yako ya kwanza ya LUKU na utapata yuniti kiduchu ubaki unashangaa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mwambie mapema, kwa heshima, kwamba mtaipunguza kwenye kodi ya pango au atakurudishia. Wengi wanakubali ukiwaeleza kabla. Ukisubiri miezi mitano ndipo umdai, inakuwa kesi.

Kuhusu kodi yenyewe, usiogope kuzungumza. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilishafutwa, kwa hiyo bei na idadi ya miezi ni makubaliano yenu tu. Hapo ndipo kukutana ana kwa ana kunapokuwa na faida kubwa. Mwenye nyumba anadai miezi sita au mwaka kwa sababu aliwahi kupata mpangaji aliyelipa mwezi mmoja akakaa minne. Mpe sababu ya kukuamini: kaa naye chini, mueleze unafanya kazi wapi, umehama wapi, mpe namba ya mwenye nyumba wako wa zamani ampigie. Mama mmoja aliyekuwa anataka miezi sita alinikubalia mitatu kwa mazungumzo ya barazani tu, na tulikaa vizuri. Kupitia dalali, mazungumzo hayo hayafanyiki, maana ujira wake haubadiliki kwa wewe kulipa miezi mitatu au kumi na miwili, anachotaka ni biashara iishe leo.

Hela ilipwe benki au kwa simu, kwenye namba yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Akisisitiza taslimu, muwe na shahidi, na risiti iandikwe hapo hapo: kiasi, tarehe, miezi inayolipiwa, sahihi zenu.

Mkataba si lazima uwe wa kurasa kumi. Uandikwe Kiswahili mnachokielewa wote wawili. Uwe na majina kamili, kodi, unaanza na kuisha lini, notisi ya kuhama ni muda gani kwa kila upande, kodi itapandaje mkihuisha, nani anatengeneza nini, na hela ya tahadhari, kama ipo, inarudishwa lini. Kipengele cha matengenezo kiandike kwa ukamilifu: ukitengeneza bomba au choo kwa hela yako kwa ruhusa yake, risiti inapunguza kodi. Ruhusa yenyewe iombe kwa ujumbe wa simu ili ibaki. Mashahidi wawili, na ikiwezekana mpate muhuri wa serikali ya mtaa. Mikataba ya pango ina ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ambao watu wengi hawaulipi. Fahamu tu kwamba mkifikishana mbele ya sheria, mkataba usiolipiwa ushuru unaweza kukataliwa kama ushahidi. Ugomvi ukitokea, Baraza la Kata hupatanisha, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutolea vitu nje au kung'oa mlango kwa sababu mmegombana.

Siku ya kuingia, kabla gari la vitu halijafika, zungukeni nyumba pamoja. Piga picha kila nyufa, kila kioo kilichopasuka, kila swichi isiyofanya kazi, piga na mita ya umeme na ya maji ikionesha namba, kisha mtumie zote kwenye WhatsApp siku hiyo hiyo. Peleka jina lako serikali ya mtaa uandikishwe, maana ipo siku utahitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, kazi au dhamana. Na kitasa cha mlango wa mbele kibadilishe kabla hujalala humo, ukimjulisha mwenye nyumba kwamba umekibadilisha, kwa sababu hakuna anayejua wapangaji waliopita walichonga funguo ngapi.